Moshi Uliopandia Shingoni

Hakuna mtu aliyetembea kama mimi. Nimekata nchi na nchi, nimelala katika miji ambayo jua lenyewe halijaifahamu, nimekula na watawala na nikawaachia sufuria waoshe wenyewe. Haya, niseme kweli kidogo: safari ndefu kuliko zote niliyokwenda kwa miguu yangu ni mpaka makao makuu ya wilaya kung'olewa jino, na nililia kwenda nikalia kurudi. Shule nimefika darasa la nne, na hilo la nne nililisoma nikiwa nimekaa karibu na mlango. Lakini miji miwili nitakayoisimulia hapa niliingia. Niliingia nikiwa juu ya kigoda, saa tano asubuhi, ugoro puani.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu ana kichwa, kiwiliwili na miguu, na kwamba kichwa ndicho kinachotawala. Nilikubali, kwa sababu yeye alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na matako. Tangu siku ile miaka sitini na kitu imepita na neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ikiwa kichwa ndicho mtawala, mbona njaa haimwombi ruhusa? Mbona habari mbaya hukata tumbo kwanza, kichwa kinakuja kuelewa baadaye, kama mjumbe aliyechelewa kikao? Mbona tukiogopa tunasema tumbo joto, hatusemi kichwa joto? Na mtu anapohuzunika, anayehuzunika hasa ni nani: yeye mwenyewe, au kuna mwingine ndani anayehuzunika, na yeye anaazimwa uso tu wa kuvaa?

Lilikuwa swali la kuchezea, la kupitishia muda wakati wa kupukuchua mahindi. Mpaka mjukuu wangu Tusekile alipougeukia ukuta.

Tusekile ni mtoto wa binti yangu Atuganile, marehemu. Kwetu jina lake maana yake ni tumefurahi, na msichana alilitumikia jina hilo bila likizo. Alikuwa akisuka watu nywele pale barazani kwangu, na akicheka, kuku waliokuwa wanaatamia walitoka kwenda kuona kuna nini. Kisha ikaja homa ya matumbo. Akapewa dawa, ikapoa, ikarudi, akapewa dawa kali zaidi. Ikaondoka. Lakini nadhani ilipokuwa inafunga mizigo yake, kwa haraka ilimfunga na yeye humo humo. Aliyebaki kitandani alikuwa blanketi lenye pumzi. Hakulia. Angelia ningejua pa kushika. Alilala ubavu, uso ukutani, miezi mitano, na ukimwita, jina lilimpita juu kama ndege.

Majirani walisema uvivu. Wengine wakasema mapepo, kwa sauti ya kunong'ona ambayo hata mapepo wangeisikia. Mwanangu Ambakisye, mjomba wa mtoto, anayebeba mbao kwa gari lake, hakunong'ona. Ambakisye ni mtu mwema sana ila ana joto la kiazi kilichotoka kwenye majivu: huwezi kumshika mkono mmoja kwa muda mrefu. Jumatatu alisimama mlangoni, funguo za gari zikilia mkononi.

"Mama, Ijumaa namchukua. Kule milimani kuna mahali wanaombea watu. Wanawafunga kamba wasije wakadhuru wengine."

"Huyu amdhuru nani? Ukuta?"

"Mama, usinichekeshe kwenye mambo mazito."

"Nipe mpaka Ijumaa, baba. Nikikuonyesha kwamba anakunywa uji mwenyewe na anasema, humchukui."

"Na asiponywa, asiposema?"

"Utufunge wote wawili. Mimi unifunge karibu na dirisha."

Alicheka bila kutaka, akajikasirikia kwa kucheka, akaondoka na vumbi lake. Ndiyo nikabaki na siku nne na mtoto asiyegeuka.

Nesi Subilaga alipita jioni hiyo hiyo. Huyo ndiye aliyemwanzishia vidonge vya huzuni, wiki ya tano sasa, na Tusekile alivimeza bila kubisha, kama mtu anayetia barua kwenye sanduku la nyumba ya jirani. Nikamkalisha nesi, nikamuuliza swali langu la mwiba. Sikutegemea jibu. Akanijibu.

"Bibi, tumboni mwa mtu kuna wadudu."

"Minyoo."

"Si minyoo. Wadogo, hawaonekani kwa macho. Wengi hata kuhesabu huwezi. Wengine wabaya, lakini wengi wao wanatusaidia."

"Kama wapangaji wanaofagia uwanja."

"Haswa. Sasa zile dawa za homa zilipita zikawafagia wabaya na wema pamoja. Hazina kosa, bila hizo tungemzika. Lakini kuna wataalamu wanaochunguza hivi: mji wa tumbo ukivurugika, walinzi wa mwili wanawasha moto. Si moto wa kuona. Unajua nyuki akikuuma, pale mahali panapata joto, panavimba? Moto wa namna hiyo, mdogo mdogo, hauzimi. Na habari za moto huo zinafika kwenye ubongo, na huko nako walinzi wanawasha wa kwao."

"Na huzuni?"

"Huzuni inaweza kuwa moshi wake." Akaninyooshea kidole. "Inaweza, Bibi Mbutolwe! Usiende kisimani kutangaza Subilaga kasema ndiyo. Si kila huzuni inatoka tumboni, na wenyewe wanaochunguza bado wanabishana. Vidonge asiache. Vinataka wiki kadhaa."

"Na togwa? Uji uliochachuka haurudishi wapangaji?"

"Akiitaka anywe, ni chakula. Togwa si daktari."

Masikio ya mzee ni chekecheo, hubakiza kile anachokitaka. Katika maneno yote yale nilibakiza moja: togwa. Niliruka, mimi na magoti yangu haya, nikaenda kuinjika sufuria.

Kimea nilikuwa nacho. Ulezi wangu nauloweka, naufunika majani ya mgomba mpaka uote vijino vyeupe, nauanika, nausaga. Kazi ni uji. Unapikwa ukaiva kabisa, kisha unaachwa, na hapo ndipo wake wa siku hizi wanapoharibu. Wana haraka. Wanatia kimea uji ungali moto, kimea kinakufa pale pale, kesho wanafunua chungu wanakuta maji ya kunawia, halafu wanasema wamerogwa. Na ukisubiri kupita kiasi, uji unapoa mno, kimea kinalala usingizi. Mama yangu alinipa kipimo kimoja: chovya kidole, utaje watoto wako wote, polepole, kwa majina. Ukikitoa kabla ya jina la mwisho, uji bado. Mimi nilizaa sita, wamebaki wanne, lakini nawataja wote sita. Uji haujui nani amekufa.

Jumanne asubuhi nikampelekea kikombe.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana kwetu mjukuu wa kike na bibi yake wanagombea mume mmoja, babu, hata kama babu mwenyewe yuko kaburini hajali, "amka. Kitu kimechacha, kinakuita kwa jina."

Ukuta ulisikia. Yeye hakusikia. Nikakiacha kikombe kwenye stuli. Ilipofika saa tano kikombe kilikuwa kitupu. Nawaambia kweli: kitupu kabisa, hata tone halikubaki.

Moyo ulinidunda kama wa msichana. Nikavuta kigoda, nikalaza sikio juu ya tumbo lake, juu ya blanketi, nisikie kama wageni wamefika salama. Nikasikia ngurumo. Nikateleza.

*

Sikuanguka. Nilizama kama kijiko kinavyozama kwenye asali, na kila shubiri niliyoshuka nilivua mwaka mmoja. Nilipogusa chini sikuwa na umri. Nilikuwa na magoti mawili mazima! Niliruka mara tatu kuhakikisha.

Mji wa Chini hauna mbingu. Una dari laini, lenye unyevu, mfano wa ndani ya shina la mgomba, na dari hilo linapumua. Hakuna Jumanne wala Jumatano kule. Kuna kabla ya kula na baada ya kula, basi, na katikati yake wanazaliwa watu, wanaoa, wanagombana, wanazeeka na kusahauliwa, mataifa mazima, wakati huku juu mtu anatafuta kiberiti. Hao ndio Wadogo. Wamejaa, jamani! Mnada wa ng'ombe siku ya sikukuu ni jangwa ukilinganisha. Mmoja anachacha, mwingine anasaga, mwingine anasokota nyuzi za kitu kinachong'aa, na wote wanaongea kwa pamoja wala hakuna anayengoja zamu. Nikafikiri: mimi ninaposema mimi, ninamsemea nani? Nani kati ya hawa alinichagua? Labda mtu si mtu. Labda mtu ni mkutano ambao haujawahi kufungwa, na jina lake ni ubao tu uliopigiliwa nje mlangoni.

Alinipokea bibi mmoja mfupi kuliko punje ya ulezi, mkali kuliko pilipili kichaa. Jina lake Mama Chachu.

"Umefika, mwenye nyumba," akasema.

"Mimi si mwenye nyumba. Mimi ni bibi yake."

Akageuka kuongoza njia. "Haya. Yule samaki mkavu wa jana tumempokea. Alizidi chumvi."

Nilishangaa, maana aliyekula samaki jana ni mimi. Lakini mgeni hagombani na mwenyeji siku ya kwanza. Nikamfuata.

Akanipeleka upande uliokufa. Hapo mataifa yalikuwa yamekwisha, milango wazi, mafiga baridi. "Mvua ya dawa," akasema Mama Chachu. "Ilinyesha mara mbili. Haikuuliza mtu jina." Na kule mwisho, penye vichochoro vitupu, ukuta wa mji ulikuwa umepata nyufa, kwa sababu waliokuwa wakiukandika walikuwa ndio hao waliokwenda na maji. Nje ya nyufa walisimama walinzi wa mwili, wamekesha miezi, macho mekundu, kila mmoja na mwenge wake.

"Nani huyo?" akapiga kelele mmoja.

"Punje ya wali," ikajibu punje ya wali.

"Choma!"

"Nani huyo?"

"Mate tu, bwana."

"Choma!"

"Nani huyo?"

"Mimi mwenzako, nimekuletea chakula."

"Choma!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha sikucheka. Maana walikuwa hawana ubaya. Walikuwa wamechoka. Mtu aliyevamiwa mara mbili, hata mlango ukigusa fremu anashika panga. Nimewajua wanawake wa namna hiyo. Nimekuwa mmoja wao, ule mwaka nilipofiwa, nilipokuwa nikimfokea kila aliyekuja kunipa pole kana kwamba ndiye aliyeniletea msiba kwenye kapu. Moto wa walinzi ulikuwa unaunguza ukuta ule ule waliokuja kuulinda, nyufa zinaongezeka, na kwa kuwa nyufa zinaongezeka, wanaongeza moto. Na moshi ulikuwa unatoka hapo, unakusanyika, unaikuta Kamba.

Kamba! Sijaona kitu kizuri hivyo. Ni kamba moja ndefu, nyeupe, imetoka katikati ya Mji wa Chini, imepanda ikapita moyoni, ikapita kooni, ikapotelea juu gizani, na inatetemeka mchana kutwa kama uzi wa zeze. Habari zote zinapandia hapo. Zinazopanda ni nyingi, zinazoshuka chache. Niliiona kwa macho yangu, nikapiga kigelegele, mwalimu na fimbo yake wakapukutika ndani yangu kama udongo mkavu.

Nilikuwa na kimea kidogo kwenye upindo wa kanga. Nikakimbilia ule moto nikimwage.

Mama Chachu alinipiga kofi la kifundo cha mguu, ndipo alipofikia. "We mwanamke! Umepika togwa miaka yote hiyo hujajua? Unatia mbegu kwenye moto?"

Niliona haya mpaka kwenye vidole. Nilikuwa nataka kufanya kosa la wake wa siku hizi.

"Nifanye nini basi?"

"Panda kamwambie yule anayejiita Mtawala. Moshi uko kwake."

*

Kupanda Kamba hakuna kitu. Unalegea, unapandishwa na habari. Mimi nilipanda nimekalia habari ya kiazi kitamu.

Mji wa Juu zamani ulikuwa bustani. Unaona bado mistari ya matuta. Palikuwa na mabawabu wake, walinzi ambao pia walikuwa watu wa kupalilia: kazi yao kuondoa majani yaliyokufa, kupunguza matawi, kuokota uchafu. Lakini moshi ulipoingia walitupa majembe wakashika mapanga. Nikawaona wanakata kila kinachoota. Walikata miche ya hamu ya kula. Walikata mche wa kesho. Mmoja alikuwa amesimama juu ya kicheko kidogo, kimetoa majani mawili tu, na anatafuta mahali pa kukilenga.

"Hicho kina kosa gani?" nikamuuliza.

"Sikioni vizuri," akasema akikohoa. "Nisichokiona nakikata."

Mtawala mwenyewe alikuwa kwenye kiti kirefu, shuka jeupe, sauti ya mwalimu wangu kabisa. Mbele yake karatasi zilikuwa zinamiminika kutoka kwenye mdomo wa Kamba, na yeye anaziokota anazisoma kwa mamlaka. "Lala! Usile na watu! Usicheke! Geukia ukuta! Nimeamuru!"

"Umeamuru wewe?"

"Nani mwingine? Nani amekuruhusu kuingia?"

"Nimepitia jikoni." Nikaichukua karatasi moja. Darasa la nne linanitosha kusoma mwandiko. "Baba, hii si amri yako. Hii imetoka chini. Imeandikwa: huku kuna moto, jifiche mpaka tutakapokuambia umekwisha. Ni barua ya mgonjwa wa homa. Wewe unaisoma tu."

Ni jambo la kutisha kumwona mtawala anayegundua kwamba maisha yake yote alikuwa msomaji wa barua. Shuka lilimpwaya. "Na wamekwisha kuniambia umekwisha?"

"Hapana. Moto bado."

"Basi mtoto hakunikosea," akasema, na nikaona kwamba alikuwa na hofu ya jambo hilo tangu mwanzo. "Kila siku nilimwambia ni mvivu. Nilidhani ananiasi."

Hapo niliketi chini. Kwa sababu na sisi tulimwambia hivyo. Tulisimama mlangoni mwa mtu tukamwambia jitahidi, changamka, wenzako wana shida kuliko wewe, na huku ndani mtu mmoja aliyepofushwa na moshi anasoma barua ya jana kwa sauti kubwa. Nani mwenye nguvu hapo? Wa juu hakujua anachokisoma. Wa chini hakujua kwamba kinasomwa. Na katikati msichana, amelala, anatii.

Pembeni palikuwa na chumba kimoja ambacho mvua ilinyesha ndani tu. Nikachungulia. Juu ya kamba ya nguo palikuwa na gauni la kijani la Atuganile, lile alilolivaa siku ya mwisho aliyokuja nyumbani kwa miguu yake. Limeanikwa na linadondoka, halikauki. Nikasema moyoni, maskini mtoto, kumbe bado anamwanikia mama yake. Nikaingia nikalikamua. Nilikamua kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote za magoti mapya, na maji yaliyotoka yalikuwa mengi kuliko gauni.

Nilipotoka Mtawala alikuwa ananisubiri. "Nizime vipi?"

"Huzimi. Unapoza. Chovya kidole."

Nikamfundisha. Akachovya kidole kwenye moshi, nikamtajia majina ya watoto wangu ayarudie. Jina la kwanza tu akakitoa, anapuliza. "Bado," nikasema. Tukangoja. Kungoja ni kazi, msidhani ni kukaa. Tulipiga soga. Nilimsimulia namna nilivyolilia jino. Mabawabu wakasogea kusikiliza, na mtu anayesikiliza soga hawezi kukata kitu sawasawa, mapanga yakaanza kuning'inia. Kutoka mahali fulani manyunyu mepesi yalikuwa yanashuka kila siku kwa saa ile ile, manyunyu yenye ladha ya vidonge vya Subilaga, nayo yalisaidia au yalisaidia zaidi yangu, sijui. Sina mizani ya kupimia hayo. Jumatano, au kile ambacho huku nje kiliitwa Jumatano, kikombe kilikuwa kitupu nikashuka tena, na Mama Chachu alinionyesha taa mbili tatu zimewashwa upande uliokufa. Mtawala alifika jina la tatu. Alhamisi kikombe kitupu, jina la tano. Mabawabu walikuwa wanashangilia kama watu kwenye kuvuta kamba. "La sita! La sita!"

Jina la sita ni Atuganile. Tulichovya wote pamoja, Mtawala na mimi. Na aliyetoa kidole kabla halijatajwa alikuwa mimi.

*

Ijumaa niliporudi kushuka sikukaa sana. Honi ya gari iliniita huku nje kama mkono unaovuta kanga. Nikafungua macho kwenye kigoda changu, jua la adhuhuri mlangoni, magoti yangu yamerudi na ukongwe wake wote. Ambakisye aliingia akiwa ameinama. Nyuma yake, ndani ya gari, niliiona kamba anayofungia mbao.

"Mama, ni Ijumaa."

"Najua. Na mimi nina kalenda."

"Anasema?"

"Anakunywa."

"Sikuuliza hilo."

"Nenda polepole, baba, mtoto hutambaa kwanza. Siku nne, vikombe vinne! Hiki hapa cha leo, tazama mwenyewe, nani angekilamba hivi kama si mtu mwenye hamu?" Nikamtia kikombe usoni. Nilikuwa nimepandwa na moto wangu mwenyewe, ulimi hauna breki. "Anakunywa, anateuka vizuri, ananiambia asante kwa macho. Jana aliomba cha pili! Ndani kule mambo yanakwenda, nyufa zinazibwa, nimeona mwenyewe, usiniulize nimeonaje."

Ambakisye alikitazama kikombe. Akapiga goti kando ya kitanda, na sauti yake, ile ya kiazi cha moto, ilikuwa imepoa hadi nikamwonea huruma. "Tuse. Mjomba amekuja. Umekunywa togwa ya bibi?"

Blanketi lilipumua. Hakuna kingine.

"Nitakubeba basi, mama. Usiogope." Akapenyeza mikono chini yake.

"Muongo."

Sauti ilikuwa na kutu, kama bawaba ya mlango wa ghala. Tulitazamana, mimi na Ambakisye, kila mmoja anadhani ni mwenzake.

"Bibi muongo," akasema Tusekile. Akageuka. Aligeuka mzima, bega, kisha shingo, kisha ule uso tuliokuwa hatujauona kwa mbele tangu mahindi yalipopandwa, una alama za mkeka shavuni, na una hasira. Hasira nzuri, jamani, mbichi, ya mtu aliye nyumbani! "Sijaonja hata tone. Anakunywa yeye. Kila siku ananiwekea, anangoja, anaona sigeuki, anakunywa. Halafu ananilazia kichwa chake tumboni, kizito kama jiwe la kusagia, anakoroma. Akiamka ananiambia ametoka kutembea tumboni kwangu."

Ambakisye aligeuza shingo polepole kunielekea.

"Na siendi kwa watu wa kamba," akamwambia mjomba wake.

Mwanangu alitoa mikono chini ya blanketi. Akaziweka funguo za gari juu ya stuli, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Na mimi, kwa nafsi yangu, wazo lilinijia wakati huo huo, likanisimamisha nywele: kama togwa nilikunywa mimi, basi mji ule niliotembea ulikuwa wa nani, na lile gauni lililokuwa linadondoka lilikuwa limeanikwa na nani? Lakini sikuwa na nafasi ya kulifuata. Nilikuwa na kesi.

"Mke mwenzangu," nikasema, nimeweka mkono kifuani, "mimi? Togwa inanipa kiungulia, nani asiyejua? Tangu Jumatatu sijaigusa hata kwa harufu. Namwapia babu yako."

Tusekile alikuwa ameegemea kiwiko. Alinitazama usoni muda mrefu, kona moja ya midomo yake inahangaika na kitu.

"Futa mdomo, Bibi," akasema.